Mkono mzima, amri haifiki: maswali kuhusu neva na kusogea kwa mwili

Swali: Baba kapata kiharusi, dokta anasema damu imeziba upande wa kushoto wa ubongo, sasa mbona aliyepooza ni mkono na mguu wa kulia? Hawajachanganya vipimo?

Hawajachanganya. Neva zinazobeba amri kutoka kwenye ubongo zikifika huku chini, kwenye shina la ubongo karibu na kisogo, nyingi zinapishana, za kushoto zinaenda kulia na za kulia kushoto, ndo zinashuka kwenye uti wa mgongo. Mkono wa mzee hauna ugonjwa wowote jamani, misuli ipo, ila amri haifiki. Ndo maana kumchua na mafuta siku nzima nyumbani mkisubiri apate nafuu ni kupoteza masaa ya mwanzo ambayo dawa ingeweza kuokoa kitu. Na kama maneno hayatoki vizuri msiseme kachanganyikiwa, watu wengi sehemu ya kuongea iko huko huko kushoto.

Swali: Nikigusa sufuria ya moto natoa mkono kabla hata sijasikia kuungua, inakuwaje?

Uti wa mgongo haujasubiri ruhusa. Taarifa inaingia, inageuziwa palepale, misuli inavuta mkono, ubongo unapewa habari baadaye. Halafu kuna neva za kasi, na zile za maumivu ya kuwaka taratibu, hazifiki hata mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo unarusha mkono kwanza, yalaa inafuata. Dokta akikugonga goti na kinyundo anapima njia kama hiyo.

Swali: Na mguu kufa ganzi nikiukalia?

Umeibana neva tu, nyanyuka usubiri. Ikiwa ganzi haiishi, au inakuja bila kukalia kitu, hapo nenda ukapimwe.

Swali: Polio na konzo si ni kitu kimoja, wote wanapooza miguu?

Hapana, na hapa ndo kinyundo kinasema ukweli. Virusi vya polio vinaua seli za uti wa mgongo zinazoongea na misuli moja kwa moja, mguu unalegea, unakonda, goti ukiligonga kimya. Konzo inaharibu njia ya juu, ile inayotoka kwenye ubongo, miguu yote miwili inakakamaa, mtu anatembea kwa vidole magoti yakigongana, na goti ukiligonga linaruka kupita kiasi, maana kazi ya ubongo sio kuamrisha tu, unashika na breki. Daktari Trolli aliiandika mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Tanzania na Msumbiji imewahi kutokea pia. Inatokana na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa kipindi cha njaa watu wanapofupisha siku za kuloweka na mboga ya protini hakuna. Miguu ikishakakamaa ndo basi hairudi kama zamani, kwa hiyo loweka siku tatu hivi mpaka ulainike, anika ukauke.

Swali: Mkono wa baba ulikuwa umelegea, wiki hizi umekaza ngumi. Anapona?

Sio lazima. Ni zile breki za ubongo zimekatika. Afanyishwe fizio, yaani mazoezi ya viungo, vidole vinyooshwe taratibu kila siku, na mkimnyanyua kitandani msimvute kwa huo mkono, bega linachomoka.