Gari la kabureta linakosa petroli: usianze na kabureta

Gari la zamani likianza kukohoa barabarani na kuzima, mkono wa kwanza huenda kwenye kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa, jeti zinapulizwa, inarudishwa. Gari linawaka vizuri siku hiyo, halafu ugonjwa unarudi, kwa sababu kabureta iko mwisho wa njia ya petroli na kizuizi kipo nyuma yake. Mimi kabla ya kushika spana humuuliza mwenye gari swali moja: linazima lini?

Kabureta ina bakuli linalotunza akiba ndogo ya petroli, na akiba hiyo ndiyo inayoficha njaa. Ukienda polepole injini inakunywa kidogo, kwa hiyo hata pampu iliyochoka inatosha kulijaza bakuli. Panda mlima au kimbiza gari, bakuli linakwisha haraka kuliko linavyojazwa, injini inapoteza nguvu, inashtuka-shtuka, inakata. Ukipumzika kando ya barabara dakika chache, bakuli linajaa tena na gari linawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Tabia hiyo ya kukata likibanwa na kupona likipumzika, karibu kila mara ni petroli. Likizima ghafla kama umezima swichi, angalia umeme kwanza. Koili inayochemka na kondensa ya distribyuta zimewafungulisha watu kabureta nyingi zisizo na kosa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa, ila kifanyike pale pale gari lilipozimia. Kesho yake asubuhi hakikuambii kitu. Injini ikiwa imezimwa, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia koo la kabureta, kisha sukuma kwa mkono ile fimbo inayovutwa na pedeli ya mafuta. Unatakiwa kuona mchirizi wa petroli ukiruka papo hapo, mnene, usiokatika. Ukiuona, bakuli lina petroli na msako wako uelekee kwingine. Yakitoka matone, au pasitoke kitu, bakuli liko tupu. Kabureta za aina ya SU hazina pampu ndogo ya ndani inayorusha mchirizi huo, kwa hiyo huko fungua kifuniko cha bakuli uangalie mwenyewe.

Bakuli likiwa tupu, nenda kwenye pampu ya petroli, ile inayoendeshwa na injini yenyewe. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chombo kinachoonyesha ndani, ondoa waya mwembamba wa koili ili injini isiwake na cheche zisiruke, kisha mtu akupigie stata kwa vipande vifupi. Injini iwe imepoa, kizima moto kiwe karibu, asiwepo mvuta sigara. Pampu nzima inatema kwa mapigo yenye nguvu. Miongozo mingi ya magari hutaja takriban nusu lita kwa nusu dakika; injini ndogo inaweza kuwa chini ya hapo, kitabu chake ndicho kisemaji. Tazama pia kama kuna mapovu. Petroli inayotoka na mapovu mfululizo maana yake pampu inavuta hewa mahali fulani.

Mtiririko ukiwa dhaifu usinunue pampu bado. Chukua kopo la petroli safi, chovya ndani yake ncha moja ya mpira mfupi usio na ufa, ncha ya pili iunganishe upande wa kuingilia wa pampu, rudia kipimo. Ikitema vizuri sasa, pampu haina hatia, tatizo liko kati yake na tangi. Naona jaribio hili linaokoa pesa kuliko mengine yote, na ajabu ni kwamba wengi huliruka.

Huko nyuma mshukiwa wangu mkubwa ni mipira. Upande wa kuvuta, mpira uliopasuka haudondoshi tone. Unafanya kama mrija wenye tundu, unanyonya hewa badala ya kinywaji. Ukunje kwa vidole karibu na klipu: ukiona nyufa nyembamba zikifunguka, utupe. Mingine nje ni mizuri ila ndani imevimba na kuziba, hasa ya zamani iliyokutana na petroli yenye ethanoli. Ukinunua mpya, tafuta ulioandikwa R9, alama ya mpira unaostahimili petroli ya namna hiyo.

Kisha kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka lazima hewa iingie. Tundu la kupumulia likiziba, au mtu akiweka kifuniko kisicho na tundu kwenye tangi linalolihitaji, pampu inashindana na utupu. Gari likizima, fungua kifuniko usikilize. Tangi likivuta pumzi ndefu, na baada ya hapo gari likawaka, umempata mkosaji. Kama si hilo, chujio la ndani ya tangi linaweza kuwa limefunikwa na kutu. Takataka hizo hunata pampu ikivuta na kuanguka ikiacha, ndiyo maana dalili zake zinafanana na za pampu mbovu. Kupuliza upepo kurudi tangini kunasaidia siku chache tu. Tangi lazima lisafishwe.

Kuhusu lile chujio dogo la plastiki linaloonyesha ndani, lililo kwenye bomba la petroli: kutojaa si ugonjwa. Linaweza kukaa limejaa nusu tu maisha yake yote huku petroli ikipita sawasawa.

Pampu ikionekana kweli ndiyo mbovu, chomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kuwasha gari tena. Diaframu, yaani utando wa ndani ya pampu unaosukuma petroli, ikichanika inaweza kumwaga petroli kwenye oili: kiwango kinapanda, oili inakuwa nyepesi na kunuka petroli. Usiiendeshe injini hivyo.

Joto nalo lina kesi yake. Bomba linalopita karibu na ekzosi huchemsha petroli ndani yake, na pampu haiwezi kusukuma mvuke ipasavyo. Vibanio vya nguo vya mbao ambavyo wengine hubana kwenye bomba sijaona vikifanya kazi yoyote; sogeza bomba mbali au weka kinga ya joto.

Wengi humaliza yote haya kwa kufunga pampu ya umeme. Sina ugomvi nayo, mradi ikae karibu na tangi, kwa kuwa inasukuma vizuri kuliko inavyovuta, na iwe na swichi ya kuikata gari likipata ajali. Ila angalia presha. Kabureta nyingi za Weber zinataka karibu 3 psi. Pampu iliyotengenezwa kwa injini ya injeksheni, isiyotumia kabureta, inatoa presha kubwa mara kadhaa kuliko hiyo, sindano ya floti inayofunga petroli bakuli likijaa inashindwa kuizuia, na petroli inafurika juu ya injini yenye moto. Pampu ya namna hiyo isifungwe kabisa hapa, na hata ile ya kabureta ipimwe kwa geji kabla ya gari kutoka.