"Lakini wakili, ni kweli!" si kinga

Wiki hii nimeisikia tena: "Lakini wakili, kila kitu hapo ni kweli!" Mteja wangu anauza magari mapya. Rasimu ya tangazo lake ina safu mbili, kushoto gari lake, kulia la mshindani, jina na nembo wazi kabisa. Akaniambatishia picha ya bango la Audi la mwaka 2009 kule California, lililomwambia BMW kwamba sasa ni zamu yake kucheza. Kama wao waliweza, mbona sisi tusiweze?

Kwa sababu California si Nairobi. Marekani, FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara ya haki, ilitamka mwaka 1979 kwamba inaunga mkono matangazo yanayomtaja mshindani kwa jina, mradi yasipotoshe. Sisi tuna kifungu cha 7 cha Sheria ya Alama za Biashara, tulichokirithi kutoka sheria ya Uingereza ya 1938. Kinamzuia asiye na ruhusa kuitumia alama iliyosajiliwa katika tangazo kwa namna inayorejelea bidhaa za mwenye alama. Kisome taratibu. Hakiulizi popote kama ulichosema ni kweli!

Mwaka 1940, katika kesi ya Uingereza ya Bismag dhidi ya Amblins, wauza dawa waliipanga dawa yenye jina kubwa upande mmoja na yao ya bei nafuu upande wa pili. Wakashindwa. Safu mbili, vilevile. Nakiri kwamba Jaji MacKinnon hakukubaliana na wenzake, na alilalamika kuwa maneno ya kifungu yana giza kama la masizi. Waingereza waliachana nacho mwaka 1994. Nami huwa najiuliza iwapo ibara ya 33 ya Katiba yetu, ya uhuru wa kujieleza, haijakilegeza. Lakini siwezi kumpeleka mteja mahakamani akiwa na swali langu tu mkononi.

Kinachoniudhi zaidi ni huo "ukweli" wenyewe. Hata Ulaya, ambako Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2006/114 yanaruhusu kulinganisha, sifa inayolinganishwa lazima iwe ya maana, iwakilishe bidhaa na iweze kuhakikiwa. Sasa tazama rasimu. Ulaji wa mafuta wa gari lake umepimwa kwa NEDC, kipimo cha zamani kinacholibembeleza gari. Wa mwenzake kwa WLTP, kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2017 na ambacho ni kikali zaidi. La kwake ni gia za mkono, la mwenzake ni otomatiki linalovuta magurudumu yote manne. Namba zote mbili ni sahihi, na zikikaa pamoja zinamdanganya mnunuzi.

"Basi nifute jina, nibakishe picha ya mbele ya gari lao?" Hapana. Grili ile kila mtu anaijua, na umbo nalo husajiliwa kama alama. Nimemwomba aifute safu yote ya kulia, kisha aniletee cheti cha kipimo cha gari lake mwenyewe.