Kupima Imani za Sayansi Bandia: Maana Yake na Uhusiano Wake na Afya ya Akili

Sayansi bandia ni dai linalojivika lugha na vifaa vya sayansi huku likikwepa majaribio ambayo yangeweza kulikanusha. Hapa Mombasa mfano hautafutwi mbali: kuna ile mashine ambayo mteja hushikishwa kichuma kiganjani, kisha baada ya muda mfupi husomewa orodha ya maradhi ya ini, figo na mifupa, na kuuziwa dawa papo hapo. Anayekwenda kusomewa dua hayumo katika maana hii, kwa kuwa dua haidai kuthibitishwa na maabara.

Ili kupima imani hizo, mtafiti humpa mhojiwa sentensi kadhaa, naye hueleza anaikubali au kuikataa kila moja kwa kiwango gani, kwa utaratibu ulioasisiwa na mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932. Jumla ya alama huonyesha mwelekeo wa mtu, wala haipimi akili yake. Baadhi ya sentensi hugeuzwa makusudi, ili kuzikubali kuwe ni kuikataa imani hiyo, kwani wapo wanaoitikia kila jambo kwa adabu tu, hasa mbele ya mgeni wanayemstahi. Aidha, hojaji iliyoundwa Ulaya haifai kutafsiriwa tu na kupelekwa Likoni au Kisauni: swali la unajimu litamweka mzee aliyelelewa katika mila ya kutazamia nyota kapu moja na kijana anayesadiki kwamba wanasayansi wamelithibitisha jambo hilo, ilhali imani zao si moja. Kwangu mimi, hili ndilo kosa kubwa la kuepukwa.

Alama hizo hulinganishwa na za vipimo vya afya ya akili, kama vile PHQ-9 inayopima dalili za sonona, au kipimo cha watafiti Eckblad na Chapman cha mwaka 1983 kinachopima fikra za kimiujiza, yaani kuamini kwamba mawazo au ishara huweza kusababisha mambo kwa njia isiyo ya kawaida. Tafiti kadhaa zimeona kwamba fikra za namna hiyo huandamana na imani za sayansi bandia, lakini fikra hizo wanazo pia watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Tena, kuandamana si kusababisha. Huenda mtu aliyechoka kuzungushwa hospitalini ndiye akimbiliaye mashine. Huenda majibu ya uongo ya mashine hiyo ndiyo yaliyomzidishia wasiwasi. Na hojaji iliyojazwa siku moja haiwezi kuyatenganisha hayo mawili. Kwa daktari anayemhudumia mgonjwa wa sonona, swali zito ni lile ambalo jumla ya alama haiwezi kulijibu: je, kwa ajili ya imani hiyo, mgonjwa ameacha dawa zake?