Moshi mweupe wa asubuhi si ringi kuisha

Juni na Julai, wakati wa baridi kali kuanzia Uyole (Mbeya) hadi Njombe, pikipiki nyingi zikiwashwa alfajiri hutoa moshi mweupe, na mwenyewe huambiwa: "Ringi (pete za pistoni zinazozuia oili isipande) zimekwisha, shusha injini." Mara nyingi si kweli, na inauma kuona mtu akitoa hela bure.

Petroli ikiungua huzaa maji. Ekzosi ikiwa ya baridi, mvuke huo hugeuka matone madogo ya maji na kuonekana kama pumzi yako mwenyewe asubuhi hiyo. Weka kitambaa cheupe mdomoni mwa ekzosi: kikilowa maji matupu, na moshi ukakata injini ikishapata moto, endelea na safari. Pia injini hizi nyingi hupozwa kwa hewa, hivyo hakuna maji ya kuvuja kupitia gasketi.

Moshi wa oili ni wa bluu, unanuka, na kitambaa hubaki na utelezi. Ukitoka unapowasha tu kisha ukapungua, shuku sili za valvu (mipira inayozuia oili kupenya kwenye valvu). Ukizidi unapovuta mafuta mlimani, shuku ringi. Hakikisha hivi: toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, piga kiki mara chache plagi ikiwa nje, uirudishe, kisha sikilizia kiki kwa mguu. Ikiwa nzito kuliko kabla ya kutia oili, ringi zimelika. Isipobadilika, tazama valvu kwanza.

Mweusi? Choki imesahaulika au filta ya hewa imejaa vumbi.