Kitovu cha ulimwengu hakiko Tabora, wala kwingineko

Mtu wa Tabora hapati shida kuamini kwamba kila kitu kina katikati yake. Treni ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda zote zinapitia kwake. Kwa hiyo treni ikichelewa na mazungumzo ya stesheni yakahama kutoka siasa hadi nyota, swali huja hivi: kama ulimwengu unatanuka, unatanuka kutoka wapi? Anayeuliza ametumia akili. Ila amekwisha kukubali, bila kuhojiwa, kwamba lazima pawepo mahali pa kuanzia.

Dhana: Galaksi zinatukimbia pande zote, kwa hiyo sisi ndio katikati

Kwamba zinatukimbia ni kweli. Mwanaastronomia Vesto Slipher alianza mwaka 1912 kupima nuru ya galaksi, yaani makundi makubwa ya mabilioni ya nyota, na kuikuta, kwa nyingi kati yake, imevutwa kuelekea wekundu, dalili ya kitu kinachokwenda mbali. Alexander Friedmann mwaka 1922 na Georges Lemaître mwaka 1927 walionyesha kwa hesabu za Einstein kwamba ulimwengu unaweza kutanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake: galaksi ikiwa mbali maradufu, kasi yake nayo ni maradufu. Leo tunasema kasi huongezeka kwa kilomita kama 70 kwa sekunde kwa kila miaka nuru milioni 3.26 ya umbali (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Sasa chukua reli ya kwenda Kigoma: Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Tufanye kila stesheni iko kilomita 100 kutoka jirani yake. Si kweli, lakini hesabu iwe nyepesi. Halafu tufanye reli yenyewe inarefuka, kila kilomita 100 inakuwa 110 kwa saa moja. Stesheni masta wa Tabora ataona Urambo imesogea kilomita 10, Kaliua 20, Nguruka 30. Atatangaza kwamba wote wanamkimbia, na wa mbali wanakimbia zaidi. Mpigie simu mwenzake wa Kaliua: Urambo na Nguruka zimesogea 10 kila moja, Tabora na Uvinza 20. Naye atasema yeye ndiye katikati. Wote wawili wamepima sawasawa, na hakuna aliyeng'oa stesheni yake.

Abiria mjanja atapinga: reli hii ina Dar mwanzoni na Kigoma mwishoni, kwa hiyo ina katikati, hata kama masta hawaijui. Ana haki. Ili mfano usimame, reli isiwe na mwisho upande wowote, na hapo ukitafuta katikati utatafuta mpaka uchoke. Ulimwengu wetu haujaonyesha ukingo popote. Vipimo vya satelaiti ya Planck vinaonyesha kwamba nafasi, kwa kadiri tunavyoweza kupima, haijapinda, na kama imepinda basi ni kwa chini ya asilimia 1. Inawezekana haina mwisho kabisa. Inawezekana pia imejipinda kidogo mno na kujifunga, ukienda mbele milele urudi ulikotoka. Hata hivyo, isingekuwa na ukingo wala sehemu ndani yake iliyo katikati kuliko nyingine.

Dhana: Mlipuko Mkuu ulikuwa bomu, na tukitafuta vizuri tutapaona lilipolipukia

Niseme jambo ambalo wengi wanaofafanua mada hii huliruka. Hesabu ya stesheni peke yake hailiondoi bomu. Vipande vya bomu navyo hujipanga hivyo hivyo: chenye kasi zaidi kimefika mbali zaidi, na ukikaa juu ya kipande chochote utaona vingine vinakukimbia kwa kanuni ile ile. Tofauti ni kwamba bomu lina nje. Kuna mahali vipande vinaishia na utupu unaanza, na aliyekaa karibu na ukingo akitazama huku ataona vipande, akitazama kule ataona giza.

Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena kubwa huko New Jersey, Marekani, walisumbuliwa na mlio hafifu wa mawimbi ya redio usiokoma. Waligeuza antena kila upande, usiku na mchana, majira kwa majira. Waliwafukuza njiwa waliokuwa wamefanya makao humo, wakasugua kinyesi chao, mlio ukabaki. Mlio huo ulitokana na nuru ya kale iliyoanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000, ambayo sasa imepoa hadi digrii 2.7 juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho inayowezekana. Inatufikia kutoka kila upande wa anga, na ukishaondoa athari ya mwendo wetu wenyewe, joto lake linatofautiana kwa kiasi cha sehemu moja tu katika 100,000. Mlio ule uliwapatia Penzias na Wilson Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Anayeng'ang'ania bomu amebakiwa na njia moja: aseme sisi tumekaa pale hasa lilipolipukia, kati ya mabilioni ya galaksi. Hata hapo ramani za galaksi zinamkatalia, kwa sababu ukitazama eneo kubwa vya kutosha, zimetapakaa karibu sawasawa pande zote na hazipungui kuelekea ukingo wowote. Nadharia ya Mlipuko Mkuu yenyewe inasema miaka bilioni 13.8 iliyopita kila sehemu ya ulimwengu ilikuwa imesongamana na yenye joto kali, kisha umbali ukakua kila mahali kwa pamoja.

Dhana: Basi hata Kigoma inazidi kuwa mbali na Tabora

Hapana, na nauli isipandishwe kwa kisingizio hicho. Vitu vilivyoshikana kwa nguvu za atomi au kwa mvutano havitanuki: mwili wako, Dunia, mfumo wa Jua, galaksi yetu. Hata jirani yetu, galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka nuru milioni 2.5, anavutana nasi na kutusogelea kwa kilomita kama 110 kwa sekunde. Mnamo Novemba, usiku usio na mwezi, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako ziwani, utamwona kaskazini kwa macho matupu kama doa la ukungu.

Dhana: Lazima kuna kitu nje ambacho ulimwengu unakiingilia

Hesabu za kutanuka hazihitaji kitu hicho. Umbali wa ndani unakua, basi.

Dhana: Wanasayansi husema sisi tuko katikati ya ulimwengu unaoonekana, kumbe kitovu kipo

Hii nusu yake ni kweli. Tunaweza kuona hadi sehemu ambazo sasa ziko umbali wa miaka nuru bilioni 46 hivi kila upande, na tufe hilo sisi ndio katikati yake. Lakini hilo ni tufe la mtazamaji. Aliye kwenye galaksi nyingine ana tufe lake, na katikati yake ni yeye.

Wapo pia wanaosoma kwamba Jua letu linakwenda kilomita kama 370 kwa sekunde ukilinganisha na ile nuru ya kale, kuelekea upande wa kundi la nyota la Simba, wakadhani tumepata dira ya kutupeleka kwenye kitovu. Namba hiyo imepatikana kwa sababu nuru ya mbele yetu ina joto kidogo kuliko ya nyuma. Inatueleza mwendo wetu tu, unaotokana na Jua kuzunguka ndani ya galaksi na galaksi yetu kuvutwa na makundi ya galaksi jirani. Mtu wa galaksi nyingine akipima atapata kasi yake na upande wake, na ukizichora njia hizo zote kwenye ramani moja hazikutani mahali pamoja.