Sauti ni ya mwanao, ila anayeongea sio yeye

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi nipo kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja hapa Mbeya, na naomba tuongee hii akili mnemba, wengi tunaiita AI, maana kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole naona watu wanaichukulia kama kitu cha kuandikia barua na kutengenezea picha tu.

Zamani meseji ya tapeli ilikuwa inajulikana mapema. "Ile hela tuma kwenye namba hii", herufi zimekosewa, Kiswahili kimepinda, unafuta unaendelea na kazi zako. Sasa hivi anaiambia AI imwandikie, inatoka imenyooka kama barua ya benki, kwa hiyo ile tabia ya kutafuta makosa ya uandishi ndo ujue meseji ni feki haitusaidii tena.

Kinachoniumiza zaidi ni sauti. Kuna programu zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kipande cha sekunde chache tu, voisi noti au video ya stetasi inatosha, halafu zinasema chochote tapeli anachotaka. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup kule Hong Kong aliingia kikao cha video, akawaona na kuwasikia wakubwa wake, kumbe walikuwa wametengenezwa na AI, akatuma kama dola milioni 25. Huyo ni mtu wa ofisini. Sasa mama yetu yuko Kyela na mpunga wake, saa 3 usiku anapigiwa na namba ngeni, sauti ni ya mwanae kabisa, analia eti kakamatwa Tunduma simu yake imezima chaji, tuma laki 3 haraka. Atatuma tu, ni mzazi.

Ndo maana nawaomba sana, leo mkikaa kula chagueni neno la siri la familia, sio tarehe ya kuzaliwa wala jina la mtoto, na msiliandike kwenye grupu. Anayeomba hela kwa haraka muulize hilo neno. Akibabaika kata simu, mpigie mwanao kwa namba uliyoiseivu mwenyewe, au mtafute anayekaa naye.

AI hiyohiyo inatulinda pia. Mfumo wa ulinzi wa kompyuta za ofisi unajifunza mwenendo wa kila mtumiaji, mhasibu ambaye siku zote anaingia saa 2 asubuhi akiwa Mbeya, akionekana saa 8 usiku anaingia kutoka nchi nyingine na anashusha mafaili yote, mfumo unatoa taarifa hapohapo, wakati binadamu hawezi kusoma maelfu ya mistari ya kumbukumbu za nani kaingia na kafanya nini kila usiku. Ila inakosea, labda mhasibu kasafiri kweli, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuangalia na kuamua.

Na nyie wa maofisini na saccos, msichukue majina ya wanachama, namba za NIDA na mikopo yao mkabandika kwenye AI ili iwapangie ripoti, hizo taarifa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ukishazituma huko huna uwezo wa kuzirudisha.

Meseji ya utapeli ikiingia itume kwenda 15040, ni bure. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua beba kitambulisho uende kwenye duka la huo mtandao wakaifute.