Mwanao kaenda miaka mitatu, huu wa nne mbona bado yupo chuo?

Wazazi wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Tanga swali lao ni hilohilo, na mmoja juzi akanitajia kabisa ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo, tukacheka, kisha nikachukua karatasi tukapiga hesabu, maana jibu halipo kwenye miaka, lipo kwenye krediti.

Krediti moja hapa kwetu ni masaa 10 ya kazi. Wengi wanadhani ni masaa ya kukaa darasani, hapana, lekcha imo, semina imo, asainimenti imo na ule usiku wa kukesha na notsi nao umo. Mwaka mmoja ni krediti 120, kwahiyo digrii ya miaka mitatu ni 360 na ya minne 480. Semista ya krediti 60 ni masaa 600, gawa kwa wiki 15 unapata 40 kwa wiki, yani ni kazi ya mtu aliyeajiriwa kabisa. Sasa kijana anayeshinda dukani Ngamiani mpaka jioni alafu kajisajili mzigo wote, hayo masaa 40 anayatoa wapi? Simlaumu, hela inatafutwa, ila ndo hivyo.

Kinachokula miaka hasa ni keri. Umefeli somo unapewa sapu, yani mtihani wa marudio, sapu nayo ikikushinda unalikeri, unalirudia likifundishwa tena, na vyuo vingi somo linafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwahiyo ukiangusha la semista ya kwanza usidhani utalifuta semista ya pili, ni mpaka mwakani. Alafu kama lile somo ndo mlango wa jingine, mfano hesabu ya kwanza hujapasi basi ya pili hawakuruhusu, na ya pili ndo inafungua ya tatu, unajikuta krediti 10 tu zimekushikilia mwaka mzima, wenzio wanapiga picha na majoho wewe unalipa kodi ya chumba Chumbageni kwa ajili ya somo moja. Na kwenye mwaka wa nyongeza usiweke matumaini kwenye bumu, yani hela ya kujikimu ya mkopo, mkopo hupangwa kwa miaka ya programu.

Kuna wanaotaka kujibebesha masomo ya ziada wamalize mapema. Mimi huwa nawakataza, ratiba zetu zimefungwa kwa mwaka, hutoki mapema hata ukijiua, na GPA, yani wastani wa alama zako, inapigwa kwa uzito wa krediti, ukipata C kwenye somo la krediti 12 linakuvuta chini kuliko la 8. Bora hizo nguvu za ziada uzipeleke kwenye yale mazito.

Wenye watoto Marekani jamani msichanganye, krediti yao sio hii yetu. Kule moja ni kama saa moja ya darasa kila wiki kwa semista nzima, na ya kujisomea juu yake, na digrii nyingi ni krediti 120 jumla. Mtego wao upo kwenye namba 12. Ukichukua 12 kwa semista unahesabika mwanafunzi kamili na viza ya masomo inakuwa salama, kijana anaridhika, anampigia mama simu kila kitu sawa. Lakini 12 mara semista 8 ni 96, bado 24, yani mwaka mwingine wa ada ya dola. Anayetaka kutoka kwa miaka minne inabidi awe na wastani wa 15, au ajazie kwenye masomo ya likizo ya kiangazi.

Kwahiyo mkija ofisini msiniletee risiti ya ada peke yake, maana ada unaweza ukawa umemaliza yote na krediti bado. Njooni na matokeo ya semista zote, na kijana mwenyewe awepo, kuna maswali nataka ajibu yeye.